Zulia Lisiloanikwa

Wapendwa, kabla sijafika kwenye neno lenyewe la leo, nivumilieni niwasimulie habari moja. Mimi shule yangu mnaijua ilipoishia, na mambo makubwa hayaniingii kichwani mpaka yapitie mlango wa hadithi. Pengine hata ninyi ni hivyo hivyo.

Kulikuwa na mama mmoja, mtunza sakristia, chumba cha vyombo vya ibada, katika usharika wa milimani. Funguo zote za kanisa zilikaa kiunoni mwake: wa mlango mkubwa, wa kabati la vikombe, wa sanduku la vitambaa vya altare. Watu walikuwa wameshasahau jina lake la ubatizo, wakamwita Mama Sakristia. Ukisahau kofia yako kanisani Jumapili, Jumatatu utaikuta imekung'utwa vumbi na kuwekwa mahali. Ndivyo alivyokuwa.

Kanisa lile lilikuwa na kitu ambacho makanisa yetu hayana. Ukutani, nyuma ya altare, palitundikwa zulia. Si zulia la kukanyagwa. Lilifumwa huko Ulaya yapata miaka mia tano iliyopita, enzi zile wafalme na matajiri wa huko walipovisha kuta zao sufu na hariri kama sisi tunavyovisha maharusi. Mmisionari mmoja wa zamani alilileta ndani ya sanduku la bati, akazeeka, akaondoka, zulia likabaki. Picha yake haikuchorwa. Ilifumwa uzi kwa uzi. Ilionyesha watu wakivuna zabibu: mwanamume juu ya ngazi, mbwa amelala kivulini, na mwanamke mwenye gauni la kijani amejitwika kapu. Hapajawahi kuota mzabibu kwenye milima ile, lakini kila aliyekaa mabenchi ya mbele alijua kuhesabu vichala vile mahubiri yakirefuka.

Na palikuwa na desturi. Kila mwaka, Jumamosi moja kabla ya Majilio, yale majuma ya kungojea Krismasi, kina mama walilishusha zulia lile, wakalitoa nje, wakaligeuza kifudifudi juu ya mikeka, wakalipigapiga mgongoni kwa fagio za chelewa, kisha wakaliacha lipigwe na jua la asubuhi. Wakiwa wanangoja walikunywa uji na kusengenyana kidogo, si mnawajua. Mmisionari ndiye aliyewafundisha, na hakuna aliyekumbuka sababu. Walifanya kwa kuwa mama zao walifanya.

Basi mwaka mmoja, zulia limeshaanikwa, limekunjwa na kuwekwa juu ya benchi sakristiani kungoja wanaume waje kulipandisha, wenzake wakatoka kwenda kwenye uji. Mama Sakristia akabaki anapiga pasi kitambaa cha altare. Pasi yenyewe ni ya mkaa. Ikapoa. Naye akafanya unavyofanya wewe nyumbani kwako: akaipunga huku na huku ili upepo uuwashe mkaa. Mara kaa moja likaruka.

Alilizima kwa kiganja kitupu. Lakini sufu ya miaka mia tano haingoji. Alipolikunjua zulia, pale kwenye pindo la gauni la yule mwanamke wa kapu palikuwa na tundu la ukubwa wa kiganja, kingo zake nyeusi.

Wenzake walipoingia wakauliza, "Mbona kunanuka hivi?"

"Nimeunguza kitambaa cha kufutia vikombe," akasema. "Kimeisha hicho, nimeshakitupa."

Uongo mdogo, wapendwa. Wa pumzi moja. Siku ile angeweza kuurudisha hata kabla uji haujapoa.

Wanaume akawaambia waje Jumatatu kulipandisha, na jioni ile ile alifumua sweta ya shule ya bintiye, ya kijani, iliyokuwa imeshambana mikono. Akajifungia sakristiani Jumapili baada ya ibada, akashona kiraka. Alikuwa na mkono mzuri wa sindano. Zulia likapanda ukutani, likawa juu, kwenye nusu giza, na hakuna aliyeona kitu.

Lakini Majilio hurudi. Mwaka uliofuata kina mama walipokuja na fagio zao, aliwazuia mlangoni. "Zulia limezeeka," akawaambia. "Tukilishusha litachanika. Tangu leo vumbi nitalifuta mimi mwenyewe, taratibu, hapo hapo ukutani."

Mmoja wao, rafiki yake wa tangu kipaimara, akacheka. "Sasa mwenzetu umekuwa mke wa zulia? Pisha tufanye kazi, uji unangoja."

Mama Sakristia akapandwa na hofu, na hofu ikivaa nguo hutoka nje ikiitwa hasira. Akamjibu mbele ya watu wote, "Mikono yako hiyo ni ya kusongea ugali. Kitu cha Mungu hukishiki."

Rafiki yake akaweka ufagio chini, akaenda zake. Tangu siku ile hakukaa tena benchi moja naye. Na wazee wa kanisa walipopata habari walisemaje? Walimsifu. Walisimama mbele ya usharika wakasema, laiti kila mmoja angekuwa na wivu wa nyumba ya Bwana kama Mama Sakristia. Akapigiwa makofi. Mnaelewa lakini? Alipigiwa makofi kwa sababu ya tundu lake.

Miaka kumi na mmoja ikapita hivyo.

Ndipo ikaja barua. Mtu mmoja wa ng'ambo, mwenye kukusanya nguo za kale, alikuwa ameonyeshwa picha ya zulia lile kwenye simu ya mgeni aliyepita. Akataka kulinunua. Atamtuma mkaguzi Ijumaa ijayo. Mkaguzi akisema ni zima, analinunua.

Usharika ukaitana. Walikuwa na zahanati yao, ndogo, isiyo na wodi ya wazazi. Mwanamke akishikwa na uchungu ilibidi abebwe kwa machela kushuka bonde lote mpaka barabara ya lami. Mnajua wenyewe yanayotokea kwenye njia za namna hiyo. Si lazima niyataje. Mchungaji akauliza, "Tuuze zulia, tujenge wodi?" Mikono ikanyooka kanisa zima. Na wa Mama Sakristia ukanyooka, maana mkwewe, mke wa mwanawe, alikuwa amekaa mbele yake kabisa na tumbo la miezi saba.



Jumatatu alipanda ngazi kwenda kukitazama kiraka. Kwa miaka yote ile alikiona kijani kilichofifia. Siku hiyo alikiona kinang'aa kama jani la mgomba baada ya mvua. Akashuka. Akapanda tena. Jumanne hakula. Akaomba, na ombi lake lilikuwa hili, nisameheni: "Bwana, mkaguzi huyo awe mtu mzima sana, na macho yake yawe yamechoka." Akasikia aibu kwa ombi lake, lakini hakulifuta.

Jumatano alimfuata mchungaji kwenye shamba lake la viazi.

"Mchungaji, nina neno."

"Kama ni chakula cha mgeni, kina mama wameshaamua kuku."

"Si kuku."

"Ni nini basi, Mama?"

Neno lilikuwa limefika kooni. Akaliona linakuja na wenzake. Maana kama angesema "niliunguza," angeulizwa, "na kwa nini ulizuia watu wasilishushe?" Na akijibu hilo, angeulizwa habari za rafiki yake aliyemwaibisha mlangoni. Na makofi yale, angeyarudisha vipi? Tundu lilikuwa la kiganja, lakini lilikuwa limeshazaa.

"Kuku mwenyewe yupi?" akauliza. "Kama ni yule jogoo mwekundu, nyama yake ngumu. Mgeni atang'oka meno."

Mchungaji akacheka mpaka akaegemea jembe. "Mama Sakristia, wewe hata jogoo unamtunza."

Alhamisi alikwenda tena, akakuta mchungaji ana wageni. Alirudi nyumbani akiwa na furaha ya mtu aliyekuta foleni ndefu hospitali akapata sababu ya kutopimwa. Je, hatuijui furaha hiyo?

Ijumaa asubuhi mkaguzi akafika. Hakuwa mzee, na macho yake hayakuwa yamechoka. Alikuwa mama wa makamo, mtu wa Pwani, aliyejifunza ng'ambo kazi ya kutunza nguo za kale. Alivua bangili na pete, akanawa mikono mpaka viwikoni, akaikausha. Akaomba mikeka safi itandikwe kanisani, na wanaume wakalishusha zulia kwa kamba, polepole, kama mnavyoshusha jeneza. Lilipogusa mkeka likatoa vumbi laini, jeupe kidogo, kama unga.

Mkaguzi akalitazama vumbi lile. Kisha akasema, "Ligeuzeni."

Mama Sakristia akajikuta amesogea mbele. "Picha iko upande huu, mwanangu."

"Naiona, mama. Picha nilishaiona kwenye simu. Nguo ya kale husomwa mgongoni."

Wakaligeuza.

Sasa nisikilizeni hapa. Mama yule hakutazama zulia. Macho yake yalikwenda moja kwa moja pale, chini, mkono wa kushoto, kwenye kiraka chake. Alikiona kama alivyokishona: mafundo yake, nyuzi zake za kijani. Nyuma yake kina mama wakavuta pumzi wote kwa pamoja, na yeye akajua, basi, wamekiona. Mmoja akasema kwa sauti ya chini, "Yesu wangu." Akajua ni kiraka. Wanaume wakarudi nyuma hatua moja. Akajua ni kiraka. Akashika ukingo wa benchi.

Lakini mkaguzi hakuwa upande ule. Alikuwa amepiga magoti juu kabisa, penye ngazi na vichala vya zabibu, akaweka kidole chake kimoja juu ya zulia, kwa upole, kama anayempapasa mtoto mgonjwa. Kidole kikazama. Kikatokea upande wa pili.

Akajaribu mahali pengine. Kikazama. Pengine tena. Kikazama.

Walikuwa nondo, wapendwa. Wale wadudu wadogo wa kijivu wanaoruka ukifungua kabati la nguo za marehemu. Vifuko vya watoto wao vilitapakaa mgongo wote wa zulia, vyeupe, kama chenga za mchele. Walikuwa wameingia kwa nyuma, kati ya zulia na ukuta, mahali pasipopigwa na jua wala fagio, wakala sufu kwa raha zao mwaka baada ya mwaka. Mbele picha ilisimama. Mwanamume juu ya ngazi, mbwa, vichala, vyote vilishikwa na nyuzi chache na vumbi.

Mkaguzi akaendelea kushuka kwa magoti, akipapasa, mpaka akafika chini mkono wa kushoto. Hapo kidole kikagota. Akabonyeza. Akashika kwa vidole viwili akavuta kidogo, pakakataa.

"Nani aliweka kiraka hiki?"

Na mama yule, aliyekuwa amechoka kuliko alivyowahi kuchoka, akasikia sauti yake mwenyewe ikisema, "Ni mimi. Niliunguza. Kaa la pasi."

"Kwa uzi gani?"

"Sweta ya mtoto. Ya shule."

"Hizo nyuzi za kiwandani nondo hawali," mkaguzi akasema. "Mama, zulia zima hili, hapa ndipo mahali pekee ninapoweza kushika."

Mama Sakristia akamtazama asielewe. "Kwa hiyo kiraka hakijaharibu?"

"Kiraka? Mama yangu, nguo ya miaka mia tano isiyo na kiraka mimi huiogopa. Nimeshakagua zenye viraka arobaini na zikanunuliwa. Hiki ningekiandikia mstari mmoja kwenye karatasi yangu, nikaenda mbele." Akafuta mikono yake kwa kitambaa. Kisha akauliza, akiwageukia wote, "Ila niambieni. Nguo hii haijatolewa juani tangu lini?"

Mabenchi yalijibu, maana vichwa vyote viligeuka upande mmoja.

"Miaka kumi na mmoja," akasema mama.

"Na nani alikataza?"

Rafiki yake wa kipaimara alikuwa amesimama mlangoni. Alikuja kama wengine kuona. Mama Sakristia akamtazama yeye, si mkaguzi, alipojibu.

"Mimi."

Zulia halikuuzwa. Mkaguzi alisema hata kulikunja hawezi, kwamba lingekuwa unga kabla halijafika kwenye gari. Alikula yule kuku, akashukuru, akaondoka. Wodi haikujengwa mwaka ule, wala uliofuata. Mkwewe alipotimiza miezi yake aliwekwa kwenye machela kama wengine, na mama yule akatembea nyuma ya machela kutoka kilele mpaka bondeni, ameshika pindo la shuka. Mtoto alizaliwa darajani, mvua ikinyesha, wanaume wamegeuza migongo, na aliyempokea kwa mikono yake miwili alikuwa yule mwenye mikono ya kusongea ugali. Mungu ni mwema, mtoto aliishi na mama yake akaishi. Lakini mama mkwe hakuna jiwe la njia ile asilolijua.

Sasa na sisi.

Mnaniuliza dhambi ya mama yule ilikuwa ipi. Kuunguza? Ni nani hapa hajaunguza kitu? Kushona? Alishona vizuri. Tatizo ni kwamba alilinda tundu moja kwa bidii mpaka akasahau kwamba alikabidhiwa zulia zima. Alisimama mlangoni kumzuia mtu asione palipoungua, na huku nyuma, ukutani, wala hakuna aliyewazuia nondo.

Sisi tunafanyaje? Baba amelewa siku moja akamwambia mkewe neno baya; anaona aibu kuomba radhi, basi anaanza kuchelewa kurudi nyumbani ili wasikae mezani pamoja. Neno lilikuwa moja. Lakini nyumba imekaa miaka bila jua. Binti amefeli somo moja akaficha cheti, na kwa kuficha cheti ameacha kumwandikia baba yake barua hata ya salamu. Mwanakwaya amekosana na mwenzake, haji mazoezi, halafu haji ibada, halafu haombi. Ukimwuliza anasema, "Nimetingwa." Hatujatingwa, wapendwa. Tumesimama mlangoni, tunalinda kiraka.

Na tunapolinda, watu hutusifu. Hilo ndilo linalonitisha zaidi. Wanasema fulani ni mtulivu, hapendi makuu, hapendi kuingiliwa. Makofi yale, nani atayarudisha?

Nisiwatazame ninyi tu. Miaka minne iliyopita, katika safari zangu za kutembelea nyumba zenu, niliingia nyumba moja ya ule mtaa wa chini ya kiwanda cha kahawa. Kulikuwa na msiba. Nami kwa haraka zangu, na kwa kiburi, nilisema juu ya marehemu neno ambalo mhubiri hapaswi kulisema mbele ya mjane. Nililiona likimwingia. Sikuomba radhi siku ile. Nilijiambia nitarudi wiki ijayo. Sikurudi. Na kwa kuwa nyumba ile iko mwanzo wa mtaa, na huwezi kuupita mtaa bila kuipita, niliacha kwenda mtaa mzima. Mlidhani ni magoti yangu. Mliniombea magoti yangu, hata mkaninunulia mkongojo, nami nikaupokea. Katika miaka hiyo, mtaa ule wamezikwa watu watatu ambao hakuna aliyeomba nao vitandani mwao. Neno langu lilikuwa moja. Waliolala bila maombi ni watatu.

Magoti yangu ni mazima, wapendwa. Naomba mnisamehe.

Yule mama mjane yuko hapa leo, nimemwona alipoingia. Dada yangu, sitakutaja jina wala sitakusimamisha. Kesho asubuhi, kabla ya chai, nitabisha hodi kwako. Ukiona vema, nifungulie. Usipoona vema, nitakaa barazani kidogo, kisha nitapita nyumba inayofuata, na inayofuata, mpaka mwisho wa mtaa.

Nanyi mliobaki, kwaya isianze bado. Kaeni kimya kidogo. Kila mtu ajiulize ni mlango gani amesimama, na amemfukuza nani pale. Kama mtu huyo yumo humu ndani, msingoje ibada iishe. Sogeeni.